Nairobi hadi New York: tiketi inasema saa nane, ndege inaruka saa kumi na tano

Shangazi alinipigia simu akiwa na tiketi mkononi, na furaha ya mtu aliyerudishiwa chenji kubwa kuliko noti aliyotoa. Binti yake aliyeko New Jersey alikuwa amemkatia safari ya Oktoba, Nairobi hadi New York, bila kutua popote njiani.

"Mwanangu, hapa wameandika naondoka 23:00, nafika 07:00. Si saa nane hizo? Basi la usiku la Mombasa linakula saa hizo hizo, na hapo halijasimama Mtito watu wanywe chai."

Nikamwambia si nane, shangazi, ni kumi na tano. Akanyamaza kidogo.

"Sasa hizo saba nyingine nani kazila?"

Hilo swali halimhusu yeye peke yake. Kila anapotokea mtu wa kusafiri mbali, jamaa hugawanyika makundi. Mmoja ameona mtandaoni kuwa New York ni kilomita 11,840. Mwingine anasema hapana, ni maili 7,357. Wa tatu, aliyewahi kwenda, anaapa kuwa kwenda alitumia saa nane na kurudi saa ishirini na mbili, na tiketi anayo. Kila mmoja ana karatasi ya kuthibitisha, na hakuna anayedanganya.

Kinachotuchanganya kwanza ni neno letu "saa". Saa ni muda: nimengoja saa mbili. Saa pia ni alama ya siku: tukutane saa mbili. Na tumezoea kuitumia hata kwa umbali: Mombasa ni saa nane kutoka hapa. Tiketi ya ndege inavigusa vyote vitatu bila kutuambia ni lini inazungumzia kipi. Kwa hiyo katika makala haya nitavitenganisha. Umbali wa angani ni kipimo cha njia fupi kuliko zote kati ya miji miwili juu ya uso wa dunia. Muda wa safari ni saa unazokaa ndani ya ndege. Saa za mahali ni kile kinachosomeka kwenye ukuta wa uwanja wa ndege uliopo. Tiketi huchapa saa za mahali, za mji wa kuondokea upande mmoja na za mji wa kufikia upande wa pili. Ukitoa moja kwenye nyingine moja kwa moja, umetoa maembe kwenye mananasi.

Kabla ya kuvuka bahari, tuanze na Kigali

Nairobi hadi Kigali kwa anga ni kama kilomita 760. Kwa hesabu ya tiketi, safari ni karibu saa moja na nusu. Lakini ukiondoka Nairobi 10:00 utaona imeandikwa unafika Kigali 10:30. Nimewahi kumsikia kijana akiwaeleza wenzake kwa uhakika wote kuwa Kigali ni dakika thelathini tu. Wiki iliyofuata, wakati wa kurudi, aliondoka 11:30 akafika Nairobi 14:00, akakasirika kwamba wamepewa ndege mbovu.

Ndege haikuwa na kosa. Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja, sawa na Burundi na upande wa mashariki wa Kongo, yaani Goma, Bukavu na Lubumbashi. Kinshasa iko nyuma zaidi, saa mbili kamili. Uganda, Kenya na Tanzania ziko pamoja. Kwa hiyo 10:30 ya Kigali ni 11:30 ya Nairobi, na hapo ile saa moja na nusu inaonekana.

Kanuni ni moja: igeuze saa ya kufika iwe ya mji uliotoka, ndipo utoe. Kuna pia hila ndogo ninayoipenda zaidi, kwa sababu haihitaji kujua tofauti ya saa hata kidogo. Chukua muda unaoonekana kwenye tiketi ya kwenda, uujumlishe na ule unaoonekana kwenye tiketi ya kurudi. Nusu saa na saa mbili na nusu ni saa tatu. Gawa kwa mbili, unapata saa moja na nusu. Kilichoibwa wakati wa kwenda hurudishwa wakati wa kurudi, kwa hiyo jumla haidanganyi.

Sasa New York. Mwezi wa Oktoba mji huo uko nyuma ya Nairobi kwa saa saba. Ile 07:00 ya shangazi, kwa saa ya Nairobi, ni 14:00, yaani saa nane mchana. Kuanzia 23:00 za usiku hadi 14:00 za siku inayofuata ni saa kumi na tano. Hesabu imekaa. Tiketi yake ya kurudi mwishoni mwa Novemba ilisema anaondoka New York 13:00 na kufika Nairobi 11:00 kesho yake. Kwa macho ni saa ishirini na mbili. Wakati huo tofauti ni saa nane, siyo saba, kwa hiyo alikuwa anaondoka wakati Nairobi ni 21:00, na safari ni saa kumi na nne.

Aliye makini atakuwa ameshajaribu ile hila yangu. Nane na ishirini na mbili ni thelathini. Kumi na tano na kumi na nne ni ishirini na tisa. Saa moja imezidi! Haikupotea: Wamarekani walikuwa wamezigusa saa zao katikati ya safari ya shangazi. Kila mwaka, Jumapili ya pili ya Machi, sehemu kubwa ya Marekani husogeza saa mbele kwa saa moja, na Jumapili ya kwanza ya Novemba huzirudisha. Waingereza na nchi nyingi za Ulaya wana desturi hiyo hiyo, ila Jumapili zao ni za mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba. Sisi tunaoishi karibu na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, hatujawahi kuona haja ya mchezo huo. Oman na Falme za Kiarabu nazo hazigeuzi kitu. Ziko mbele yetu saa moja, Januari hadi Desemba.

Usiku wa kuamkia

Mahali ambapo nimeona watu wakikosa ndege hasa ni kwenye tarehe. Tiketi inasema Juni 12, 00:30. Mtu anafunga begi, anaaga majirani, na usiku wa Juni 12 saa nne anafika uwanjani akiwa mapema, moyo umetulia. Ndege yake iliondoka jana usiku.

00:30 ni saa sita na nusu usiku, na tarehe ya tiketi hubadilika saa sita usiku. Juni 12, 00:30 ni usiku wa kuamkia tarehe 12. Kuondoka nyumbani ni tarehe 11 jioni. Ndege nyingi za kwenda Ghuba na Ulaya kutoka kwetu huondoka nyakati hizo, kwa hiyo kosa hili lina wateja wengi.

Kinachonifurahisha ni kwamba wazee wa pwani hawalikosei. Kwa hesabu ya zamani ya Kiswahili siku huanza jua likizama, usiku ukitangulia mchana wake. Ukimwambia bibi wa Lamu "usiku wa Ijumaa", anaelewa usiku unaofuata Alhamisi. Mpe tiketi iliyoandikwa Ijumaa 00:30 na atajiandaa Alhamisi magharibi bila kufundishwa. Sisi tuliokaa shule miaka mingi ndio tunaobaki uwanjani na mabegi.

Kuhusu kugeuza saa za tiketi ziwe za Kiswahili, ni kutoa sita au kuongeza sita. 07:00 ni saa moja asubuhi. Kwa saa za baada ya adhuhuri toa kumi na mbili kwanza: 23:00 inakuwa kumi na moja, toa sita, ni saa tano usiku. Ukiwa na saa ya mishale ni rahisi zaidi, unasoma namba iliyo mkabala na mshale mfupi. Lakini kwa heshima ya ndoa za watu, mkipanga kumpokea mgeni andikeni kwa namba za tiketi na mtaje asubuhi au usiku. "Anafika saa kumi na moja" imewahi kumfanya mtu angoje uwanjani tangu alfajiri akimtarajia anayeingia 23:00.

Kilomita ngapi, na zimepimwa wapi?

Turudi kwenye ule ubishi wa namba. Kilomita 11,840, maili 7,357, na ukimuuliza rubani atakwambia 6,393. Zote ni njia ile ile. Maili ya kawaida ni kilomita 1.609. Maili ya baharini, inayotumiwa na manahodha na marubani, ni kilomita 1.852. Hiyo ya pili haikuchaguliwa ovyo. Ukigawa umbali wa kutoka ikweta hadi ncha ya kaskazini kwa nyuzi 90 za pembe, na kila uzi kwa dakika 60 (dakika za pembe, si za saa), kila dakika ni takriban maili moja ya baharini. Mtandao mmoja ukionyesha 7,357 na mwingine 6,393, usidhani mmoja umekosea, angalia ni maili ipi.

Umbali huo wa angani ni mfupi kuliko wa barabara, hilo tunalijua. Nairobi hadi Mombasa kwa barabara ni karibu kilomita 485, kwa anga ni 420 na ushei. Barabara inapinda kufuata mabonde na miji. Lakini watu wengi hushangaa wakiona kuwa ndege nayo inapinda, na hasa wakitazama skrini iliyo nyuma ya kiti cha mbele, ambako njia imechorwa kama upinde.

Chukua mpira wa miguu na uzi. Weka alama mbili, Nairobi karibu na mshono wa katikati, New York juu upande wa kushoto. Vuta uzi ukaze kati ya alama hizo. Uzi uliokazwa hauwezi kuwa mrefu kuliko inavyolazimu, kwa hiyo hapo ulipolala ndipo njia fupi. Sasa uangalie ulipopita: umepanda kaskazini kwanza, ukazidi kidogo hata usawa wa New York yenyewe, kisha ukashuka. Kwa dunia halisi, uzi huo ukitoka Nairobi unapita Uganda, unagusa mpaka wa Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, unakata Chad na jangwa la kusini mwa Algeria, unatokea baharini pwani ya Moroko, unapita karibu na visiwa vya Azores vya Ureno, halafu unashuka kuelekea New York.

Ramani ya ukutani darasani inasema jambo lingine. Weka rula juu yake na mstari utapita Nigeria, Mali na Mauritania. Mstari huo wa rula, ukiufuata kweli angani, ni mrefu kwa kilomita 350 hivi kuliko ule wa uzi. Hiyo ni Nairobi hadi Kisumu kwa barabara, umeiongeza bure kwa kuiamini karatasi. Ramani nyingi tulizozizoea zimetokana na mchoro wa Gerardus Mercator wa mwaka 1569, uliokusudiwa kumsaidia baharia ashike uelekeo mmoja wa dira. Ili kufanikisha hilo ilibidi nchi zilizo mbali na ikweta zivutwe na kutanuliwa. Ndiyo maana Greenland huonekana kukaribia ukubwa wa Afrika, ilhali Afrika inaizidi takriban mara kumi na nne. Dunia ni tufe, ukiikandamiza iwe karatasi lazima kitu kipasuke au kivutike. Jaribu na ganda la chungwa.

Mpira huo huo unaeleza jambo linalowasumbua wanaonunua tiketi za kuunganisha. Kwa ramani ya ukutani, kwenda New York kupitia London huonekana kama mzunguko mkubwa. Kwa uzi, Nairobi hadi London ni kilomita 6,840, London hadi New York ni 5,550 hivi. Jumla 12,390. Umezidisha kilomita 550 tu, dakika arobaini hewani. Kupitia Dubai ni habari nyingine: Nairobi hadi Dubai ni kilomita 3,550, na kutoka Dubai hadi New York bado kuna 11,000. Umesafiri saa tano ukiwa umesogea kilomita mia nane tu kuelekea unakokwenda. Huenda bei ikawa nzuri, na wengi tunachagua kwa bei, ila ujue umenunua nini. Na mara nyingi kinachomaliza siku nzima ni kukaa uwanjani ukingoja ndege ya pili.

Ndege nayo haiufuati uzi kwa uaminifu. Tangu vita vilipoanza Sudan Aprili 2023, ndege za abiria zinazounganisha Afrika Mashariki na Ulaya huizunguka nchi hiyo, na mchepuko huo ni mafuta na dakika. Zaidi ya hayo, ndege yenye injini mbili hairuhusiwi kwenda mbali kupita kiasi na uwanja inaoweza kutua injini moja ikizimika, kwa hiyo katikati ya bahari kisiwa kama vile Azores kina thamani isiyolingana na udogo wake. Agosti 2001 ndege iliyotoka Toronto kwenda Lisbon ikiwa na watu 306 ilivujisha mafuta, injini zote mbili zikazimika juu ya Atlantiki. Ilipaa bila injini kwa dakika kama 19 na kutua Lajes, Azores. Wote walitoka hai. Nikiona visiwa hivyo kwenye skrini huwa navipigia saluti kimoyomoyo.

Kaskazi na kusi za juu

Sasa swali lililobaki: ikiwa umbali ni ule ule, kwa nini kwenda ni kumi na tano na kurudi kumi na nne?

Jibu ambalo wengi hutoa, na nimelisikia hata kwa mwalimu, ni kwamba dunia inazunguka kuelekea mashariki. Kwa hoja hiyo ndege ikienda magharibi, New York inaijia yenyewe. Tazama kwanza kwamba hoja inatoa jibu lililo kinyume: kwenda magharibi kungekuwa haraka, na ndiko kunakochelewa. Na kama ardhi ingekuwa inaiacha ndege nyuma, tusingehitaji ndege. Kwenye ikweta dunia inakwenda kilomita 1,670 kwa saa, karibu mita 460 kila sekunde. Ungeruka kamba uwanjani Nairobi, ukae hewani sekunde moja, ushuke ukiwa mtaa wa pili upande wa magharibi. Helikopta ingepaa juu ya Nairobi, ingoje dakika kumi, Kisumu ijilete chini yake.

Haiwi hivyo kwa sababu hewa inazunguka pamoja na ardhi, na ndege imo ndani ya hewa. Ukiwa ndani ya matatu iendayo kasi, ukarusha sarafu juu, inarudi mkononi mwako. Haigongi kioo cha nyuma. Ilikuwa inasafiri na matatu kabla hujairusha.

Kinachotenganisha kwenda na kurudi ni upepo, na hapa watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa sana. Majahazi yalikuja Lamu, Mombasa na Unguja kutoka Uarabuni kwa kaskazi, kuanzia mwishoni mwa mwaka, yakarudi kwa kusi ilipoanza kuvuma. Ungemuuliza nahodha Muscat ni mbali kiasi gani, naye angekuuliza: mwezi gani?

Huko juu, kilomita tisa hadi kumi na mbili kutoka ardhini, kuna mikondo myembamba ya upepo mkali inayotoka magharibi kwenda mashariki, kuzunguka dunia nzima. Juu ya Atlantiki ya kaskazini ina nguvu sana wakati wa baridi yao. Kilomita 150 au 200 kwa saa si ajabu, na kuna siku hupita 300. Karibu na ikweta haiko, kwa hiyo ndege ya shangazi haikukutana nayo juu ya Uganda wala Chad. Ilikutana nayo baada ya Moroko, katika nusu ya pili ya safari.

Ndege ya aina ya Boeing 787, ambayo Kenya Airways iliitumia kuanzisha safari hii Oktoba 28, 2018, inakwenda kama kilomita 900 kwa saa. Lakini 900 hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa. Kasi juu ya ardhi ni 900 ukitoa upepo wa mbele au ukiongeza wa nyuma. Mtu anayeogelea mtoni anapiga mikono ile ile kwenda juu na kuteremka, ila mti wa ukingoni anaupita kwa kasi mbili tofauti. Nilipokaa na skrini hiyo mbele yangu, niliona namba ikiwa 900 na kitu tulipokuwa juu ya jangwa, nikalala, nilipoamka bahari imetanda na namba imeshuka hadi 780. Injini ilikuwa inanguruma vile vile. Jirani yangu akaniuliza kama rubani amepunguza mwendo ili tupewe kifungua kinywa.

Fanya hesabu ya kukadiria. Kilomita 11,840 kwa 900 ni saa kumi na tatu na dakika kumi. Upepo ukikupunguzia wastani wa 60 kwa safari nzima, umebaki na 840, na safari ni saa kumi na nne na dakika sita. Ukikuongezea 40, ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na sita. Ile tofauti ya saa moja au zaidi ndiyo hiyo. Februari 2024, ndege ya abiria iliyokuwa ikitoka Washington kwenda London ilisukumwa hadi zaidi ya kilomita 1,280 kwa saa juu ya ardhi, na wengi wakaandika kuwa imevunja kasi ya sauti. Haikuvunja. Ndani ya hewa iliyokuwa ikiibeba ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kila siku.

Lakini hesabu yangu imetoa kumi na nne na kitu, na tiketi inasema kumi na tano. Salio liko ardhini. Mashirika huhesabu tangu ndege inapoanza kusogea kwenye maegesho hadi inapoegeshwa upande wa pili. Humo mna kutambaa kwenda njia ya kurukia, kupanga foleni, kupanda na kushuka polepole, kuzungushwa juu ya New York kungoja zamu. Humo mna pia dakika za akiba, kwa sababu shirika lina sifa ya kulinda, na ndege inayofika ndani ya dakika 15 za ratiba huhesabiwa haijachelewa. Ndiyo maana rubani akitangaza "muda wetu wa kuruka ni dakika 45" kwenda Mombasa, na tiketi yako inasema saa moja na zaidi, wote wawili wako sawa.

Na kwa nini ndege kama hiyo ya shangazi huondoka usiku? Ziko sababu za biashara, kama vile kufika asubuhi abiria awahi ndege za miji mingine. Lakini iko moja ya Nairobi yenyewe. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, wakati mabawa yanahitaji hewa nzito ya kuegemea. Ndege iliyobeba mafuta ya saa kumi na tano ni nzito mno, na hata njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita nne huanza kuonekana fupi. Usiku wa baridi huirudishia hewa uzito wake kidogo.

Shangazi alifika salama. Kuna jambo lake moja ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelifikiria. Saa yake ya mkononi ameiweka kwa Kiswahili tangu ujana, saa moja ni saa moja, hataki habari ya kutoa sita. Akiwa New Jersey alikataa kuigusa. Siku ya tatu akanipigia kunieleza kuwa saa ya jikoni kwa binti yake inakaribia kabisa kulingana na yake, imechelewa kwa saa moja tu, basi anatoa moja na mambo yanaenda. Nikakaa nikapiga hesabu: Marekani iko nyuma yetu saba, Kiswahili kinarudi nyuma sita, inabaki moja. Ni kweli.

Jumatatu ya kwanza ya Novemba akanipigia tena, alfajiri yao, amekasirika. Saa imeharibika, sasa imepishana na ya jikoni kwa saa mbili, na betri ameibadilisha juzi tu kabla ya safari.